Gharama ya komyuniti koleji ni $9,200 lakini daftari langu linasema $78,000. Nikosoeni

Mzizima_DFW
Wakuu, habari zenu. Niko eneo la Dallas, umri 41, mke mmoja na watoto wawili, grini kadi tunayo. Nimepata nafasi ya kusoma tiba ya upumuaji, hii wanayoiita RT, kwenye komyuniti koleji. Ni digrii ya miaka miwili. Masomo ya awali nimeshayamaliza kwa kuiba usingizi: anatomia na fiziolojia zote mbili, maikrobaiolojia, kemia. Viti vilikuwa 24. Natakiwa kujibu kabla ya tarehe 15.

Kila ninayemwambia anasema shika hiyo nafasi, koleji ni bei ya kutupa. Basi nimekesha na daftari siku tatu. Ada ya programu yote ni $7,200. Vitabu, sare, chanjo, upekuzi wa rekodi ya polisi, kipimo cha dawa za kulevya na mitihani ya leseni, tuseme $2,000. Jumla $9,200. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Sasa njoo ghalani ninakofanya kazi. Nalipwa $21 kwa saa, saa 40 kwa wiki, hiyo ni $43,680 kwa mwaka. Ovataimu saa 8 kila wiki kwa $31.50, wiki 50, ni $12,600. Nafika $56,280. Nikianza masomo nitabaki na saa 20 za wikiendi na ovataimu inakufa. Kila mwaka napoteza $21,840 za saa za kawaida na $12,600 za ovataimu. Miaka miwili ni $68,880. Ongeza ile $9,200: $78,080.

Halafu kilichonikosesha usingizi ni hiki. Hospitali za huku RT mpya anatangaziwa kama $30 kwa saa, shifti tatu za saa 12 kwa wiki. $30 mara 36 mara 52 ni $56,160. Nimeirudia mara nne. Yaani nitoe $78,000 ili nirudi nilipo, tena pungufu ya $120? Nikosoeni kwa hoja.

Shangazi_Lowell
Ahsante kwa kuleta namba zilizonyooka, wengi humu wanakuja na "nasikia". Swali langu ni moja tu mwanangu: shifti tatu ni siku tatu. Hizo siku nne zinazobaki umeziwekea bei gani?

Fundi_Eksirei
Shangazi kanitangulia. Mkuu, kosa liko mstari wa mwisho. Umelinganisha saa 48 za ghalani na saa 36 za hospitali. Sawazisha saa kwanza. RT wa $30 akiongeza shifti moja kwa wiki anafika saa 48. Saa 4 za mwanzo analipwa kawaida, $120. Saa 8 zinazovuka 40 ni $45 kila moja, $360. Hiyo ni $480 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni $24,000. Mwaka unafungwa na $80,160. Wewe kwa jasho la saa hizo hizo una $56,280. Tofauti ni $23,880 kwa mwaka, kwa hiyo ile $78,080 yako inarudi kwa miaka mitatu na miezi mitatu hivi kabla ya kodi.

La pili, $30 ni mshahara wa mlangoni. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024 zinasema nusu ya RT wote Marekani wanapata zaidi ya $80,450 kwa mwaka. Sisi wa eksirei ni $77,660. CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, ni $39,530. Usipime fani kwa mshahara wa siku ya kwanza.

Nami nilianza kama wewe, Georgia, nikiwa na miaka 36, natoka kiwanda cha kuku.

Barabara_I80
Kwa nini ujitese miaka miwili? Shule ya lori ni wiki kadhaa, ukitoka unashika usukani na mshahara unaingia. Hizo $78,000 mimi nimezikwepa zote. Dereva anayejituma anampita RT.

Fundi_Eksirei
@Barabara_I80 kaka, kwa takwimu hizo hizo za Mei 2024, nusu ya madereva wa malori makubwa wako chini ya $57,440. Wanaopita hapo wapo, sikatai, lakini uliza wamelala nyumbani siku ngapi.

Barabara_I80
Hizo takwimu haziwahesabu wenye malori yao wenyewe. Na kuhusu kulala nyumbani sawa, nakubali. Mwanangu ameanza kutembea mimi niko Nebraska nikaona kwenye video.

NyarKisumu_MN
Mimi nauliza jambo ambalo hakuna mtu ameuliza: kwa nini RT na si unesi? Koleji hiyo hiyo, miaka miwili hiyo hiyo, karo karibu ileile, na RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, katikati yake ni $93,600. Nimefika Minnesota 2009 na nikaanza na CNA. Sheria ya taifa inataka mafunzo ya angalau saa 75 tu, nikamaliza kwa wiki chache. Nikaenda LPN, muuguzi wa ngazi ya kati, halafu RN kwa komyuniti koleji, halafu shahada nikaisoma kwa intaneti mwajiri akilipa. Kila ngazi niliyopanda ilikuwa inanilipa nikiendelea kupanda. RT ni ngazi moja tu, ukifika juu umefika.

Nesi anafanya kazi hospitali, shuleni, jela, nyumbani kwa wagonjwa, kampuni ya bima. RT akichoka na hospitali anaenda wapi?

Pumzi_Ohio
Nimesoma kimya mpaka hapo, sasa naomba nafasi. Mimi ni RT, nilimaliza komyuniti koleji hapa Ohio 2019. Nina ya kuwasahihisha wote wawili.

Kwanza @Fundi_Eksirei, hesabu yako ya shifti ya ziada ni nzuri lakini inadhani hospitali itakupa hiyo shifti kila wiki. Kuna miezi ya baridi wanakupigia simu mpaka unazima. Kuna miezi ya kiangazi wagonjwa wanapungua, unafika saa 1 asubuhi, saa 5 unaambiwa rudi nyumbani, na saa hizo hulipwi ila ukate likizo yako. Mwaka wangu wa pili nilipoteza karibu saa 90 hivyo. Kwa hiyo miaka mitatu na miezi mitatu isome kama minne.

Pili @NyarKisumu_MN, ni kweli milango ya nesi ni mingi. Lakini RT hafungwi hospitalini tu. Kuna maabara za usingizi, kuna kampuni za mashine za oksijeni za nyumbani, kuna vipimo vya mapafu. Malipo yake mara nyingi ni madogo kuliko wodi ya mahututi, hapo nakubaliana nawe.

Nilianza na $26.50. Leo napata $37, na usiku wanaongeza $4. Mitihani nilifanya miwili, wa kwanza wa maswali ya kuchagua na wa pili wa wagonjwa wa kwenye kompyuta. Huo wa pili nilianguka mara ya kwanza, nikalipa tena. Andika hiyo kwenye daftari lako.

Halafu kuna jambo ambalo daftari haliliandiki. Mwaka 2020 nilikuwa usiku kwenye mashine za kupumulia. Sisi ndio tuliokuwa tunaingiza mirija na madaktari, na sisi ndio tuliokuwa tunaizima mashine familia ikiwa kwenye simu ya video. Kuna bibi mmoja alikuwa anaimbiwa na wajukuu. Niliwahi kukaa kwenye gari dakika arobaini kabla ya kuwasha injini. Kazi hii naipenda, na siku mtoto mchanga akianza kuvuta pumzi mwenyewe mbele yako hutatamani kazi nyingine duniani. Ila mtu asikuambie ni shifti tatu na siku nne za kupumzika. Siku moja kati ya hizo nne ni ya kulala tu.

Shangazi_Lowell
Pole sana mwanangu Pumzi. Nakubali, siku tatu basi.

Oakland_Mswahili
Huku California krediti moja ya komyuniti koleji kwa mkazi ni $46, haijapanda tangu 2012. Na RT wa huku ni kati ya wanaolipwa vizuri zaidi nchi nzima. Mzizima ungehamia huku.

Mzizima_DFW
@Oakland_Mswahili kodi ya nyumba vyumba viwili huko ni ngapi, kaka?

Oakland_Mswahili
Tuendelee na mada.

Mzizima_DFW
Nawashukuru sana. Nakubali kosa la saa 36 na 48, nimelifuta daftarini na kuandika upya. @NyarKisumu_MN dada, unesi niliomba mwaka jana nikakosa kwa pointi mbili. Mtihani wa kuingilia niliufanya vizuri ila alama ya kemia ndiyo iliyoniangusha. Kungoja tena ni mwaka, na nimeambiwa masomo yangu ya sayansi yakipita miaka mitano hayahesabiki. Ndiyo maana nikaomba RT.

Swali jingine. Kuna mtu kanisani kaniambia nijaze FAFSA, fomu ya msaada wa masomo wa serikali, nipate Pell, ile ruzuku isiyorudishwa, eti nitasoma bure na nyingine watanirudishia mkononi. Mke wangu ni CNA, tukijumlisha mapato yetu nadhani tumezidi kiwango. Kuna njia?

Muntu_wa_Bukavu
Bandugu jambo. Minaishi Portland, Maine. Kuhusu hiyo Pell niko na ya kusema, sababu iliniuma.

Mimi nilikuwa infirmier A1, ni kusema muuguzi, kule Bukavu, miaka kenda mu hospitali. Nilifika huku bila Kiingereza. Wakaniandikisha koleji kusoma Kiingereza, muhula kwa muhula, Pell inalipa minerval, ile karo, na ile inabakia wananipa, nalipa nyumba. Nilifikiri ni baraka. Hakuna mutu aliniambia kama Pell iko na mwisho: mihula 12 mu maisha yako yote. Nikaongeza masomo haya na yale, nikaacha mengine katikati. Siku nilikubaliwa mu programu ya vyombo vya upasuaji, nilikuwa nimebakia na mihula mbili. Mwaka wa pili nililipa na kazi ya usiku ya CNA, naingia darasani asubuhi macho nyekundu.

Leo niko mu chumba cha upasuaji, natayarisha vyombo, daktari akinyoosha mkono kitu kiko tayari. Napata $29. Ni kazi ya heshima. Lakini mimi najua kusoma mugonjwa, na hapa hawaniulizi. Hiyo njo hasara ambayo mimi nahesabu. Vijana wanaofika sasa, Kiingereza mutafute ile ya bure, kwa maktaba, kwa shule za watu wazima. Pell muiweke kwa programu yenyewe.

Karani_Misaada
Muntu wa Bukavu, ahsante, hilo ulilosema nalirudia kila wiki kazini. Niko kwenye ofisi ya misaada ya wanafunzi ya koleji moja, si Texas.

Mzizima, mambo matatu. Pell ya juu ni $7,395 kwa mwaka wa masomo, na inapungua kadiri mapato yanavyopanda. FAFSA haiangalii mapato ya leo, inaangalia ya miaka miwili nyuma. Ukipunguza kazi kutoka saa 48 hadi 20, fomu haitalijua hilo. Andikia ofisi ya misaada ya koleji yako, omba wapitie hali yako upya, peleka barua ya mwajiri na hati za malipo. Sheria inawaruhusu kubadilisha namba kwa mtu aliyepungukiwa kipato. Watu hawaombi kwa sababu hawajui.

La pili, hata ukikosa Pell kuna nafuu ya kodi inayoitwa American Opportunity. Dola 2,000 za kwanza ulizolipa zinahesabiwa zote, na robo ya 2,000 zinazofuata. Ukilipa $3,600 kwa mwaka nafuu inafika $2,400. Kwa miaka miwili ni $4,800, zaidi ya nusu ya ile $9,200 yako.

La tatu ni swali, na jibu lake linaweza kubomoa yote niliyoandika hapo juu. Nyumbani ulisoma mpaka wapi?

Mzizima_DFW
Nina shahada ya elimu. Nilifundisha jiografia na Kiswahili sekondari miaka sita, Morogoro.

Fundi_Eksirei
Mwalimu! Ndiyo maana daftari limepangwa hivyo. Shikamoo.

Karani_Misaada
Basi mwalimu, samahani, naanza upya. Mwenye shahada ya kwanza hapati Pell kwa programu ya digrii kama hii, hata kama shahada ni ya nje ya Marekani. Usiifiche kwenye fomu, watu wameponzwa na hilo. Mikopo ya serikali bado unaruhusiwa. Mwanafunzi anayejitegemea mwaka wa kwanza anaweza kukopa mpaka $9,500, wa pili $10,500. Nakusihi usiichukue yote kwa sababu tu ipo.

Nafuu ya American Opportunity nayo ni kwa ambaye hajamaliza miaka minne ya kwanza ya elimu ya juu. Shahada yako ya miaka mitatu koleji itaihesabu vipi, waulize wao na mtu wa kodi kabla ya kujaza. Ukikosa hiyo kuna Lifetime Learning, asilimia 20 ya ulicholipa. Kwa $3,600 ni $720, na inapunguza tu kodi unayodaiwa.

Faida ya shahada yako ni kwamba ikitathminiwa rasmi inaweza kukufutia masomo ya jumla.

NyarKisumu_MN
Mwalimu, sasa umenipa nguvu mpya! Mwenye shahada ya fani yoyote anaweza kuingia programu ya kasi ya shahada ya unesi, mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Unatoka RN mwenye shahada, hospitali kubwa zinakutaka. Kwa nini ukae miaka miwili upate digrii ndogo kuliko uliyonayo?

Pumzi_Ohio
Dada, hizo programu za kasi ada yake waulize walioisoma. Rafiki yangu alilipa zaidi ya $45,000, na waliwaambia wazi wasifanye kazi kabisa. Mwalimu ana watoto wawili.

NyarKisumu_MN
Na mimi nasema ongeza hiyo $45,000, toa miezi sita ya kukosa mshahara, halafu weka tofauti ya $13,000 kwa mwaka kati ya RN na RT kwa miaka ishirini. Piga hesabu.

Pumzi_Ohio
Tofauti hiyo ni ya nchi nzima, manesi wa California na New York wanaivuta juu. Kwa hospitali yangu mimi, nesi wa miaka sita na mimi tunapishana dola moja na senti.

Dada_Kinywa
Mmezungumza hospitali tu. Mimi nasafisha meno, digrii ya miaka miwili ya koleji, na kwa takwimu za Mei 2024 katikati yake ni $94,260, juu ya RN. Hakuna usiku, hakuna Krismasi kazini.

Lakini nitasema ukweli wote. Vifaa tulinunua wenyewe, viligharimu maelfu. Wagonjwa wa mtihani wa vitendo tulijitafutia wenyewe, nilimbembeleza mjomba wangu aje kutoka Indiana kwa sababu meno yake yalikuwa na ugaga wa kutosha. Kazi nyingi ni siku tatu au nne kwenye kliniki ndogo isiyotoa bima ya afya. Na kiganja cha kulia sasa kinakufa ganzi nikiamka. Nina miaka 38.

Kisauni_Rads
Salaam kutoka Mombasa. Nina diploma ya picha za eksirei ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya, na miaka mitano ya kazi. Nimesoma uzi wote. Nikija kwa viza ya mwanafunzi nitaanzia wapi? Atachmenti yangu yote, yaani mazoezi ya kazini, nilifanya hospitali kubwa.

Fundi_Eksirei
Karibu ndugu. Nakuambia kama ningemwambia mdogo wangu. Bodi ya mitihani ya eksirei, ARRT, inataka umalize programu inayotambuliwa nayo, na tangu 2015 uwe na angalau digrii ya miaka miwili. Kwa watu wengi waliosoma nje maana yake ni kurudia. Ukija kwa F-1, hiyo viza ya mwanafunzi, utalipa ada ya mgeni, hutapata msaada wa serikali, na mwaka wa kwanza huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Hesabu ya Mzizima haikuhusu, yako ni nzito mara tatu.

Ukishakuwa na makaratasi ya kuishi hapa ni habari nyingine. Uzoefu wako utakufanya uongoze darasa. Mimi baada ya leseni nilijifunza MRI kazini, na MRI katikati yake ni $88,180.

Hapo ulipoandika atachmenti nimekumbuka, Tanga tuliiita fildi.

NyarKisumu_MN
Atachmenti ndiyo jina. Nyinyi fildi ni ya kulima mpunga.

@Kisauni_Rads kama ungekuwa nesi, ungefanya tathmini ya vyeti na NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, bila kurudi darasani. Manesi wa Kenya wanakuja moja kwa moja. Kwa eksirei mlango huo haupo, na inaniuma kwa niaba yenu kwa sababu nimefanya kazi na nyinyi Kisumu na najua mnachojua.

Kisauni_Rads
Ahsanteni. Mmeniokolea pesa za wakala, alikuwa ameshanitajia bei.

Binti_Houston
Naomba na mimi niseme, japo si rahisi. Nilipofika nilivutwa na tangazo la basi, chuo binafsi, miezi tisa unakuwa msaidizi wa kliniki. $18,000, karibu zote mkopo. Hawakuniambia kwamba komyuniti koleji ya barabara inayofuata ina cheti hicho hicho kwa sehemu ndogo ya bei. Nilianza kazi kwa $16 kwa saa. Nilipotaka kuendelea na eksirei, koleji haikukubali krediti hata moja. Nimelipa miaka sita na bado nadaiwa. Mzizima, wewe umeshinda kabla hujaanza, kwa sababu hukuingia mlango ule.

Karani_Misaada
Pole sana Binti. Wa aina yako ni wengi. Corinthian Colleges, mnyororo wa vyuo binafsi vya kutafuta faida, ulifungwa 2015, na 2022 wizara ya elimu ilitangaza kufuta mikopo ya $5.8 bilioni kwa wanafunzi wake wa zamani 560,000. Sijui chako ni kipi na usikitaje hapa, lakini kama waliyokuahidi hayakuwa kweli, kuna maombi ya kufutiwa mkopo kwa mwanafunzi aliyedanganywa. Jaza.

Kwa wengine wote: kabla ya kulipa senti, tafuta programu kwenye orodha ya wanaotoa ithibati. RT ni CoARC, eksirei ni JRCERT. Haipo kwenye orodha, ondoka. Taarifa za waliofaulu mitihani na walioajiriwa zinawekwa hadharani.

Fundi_Eksirei
Naongeza kwamba hata angesomea koleji ya bei nafuu, msaidizi wa kliniki katikati yake ni $44,200. Fani yenyewe ni ndogo. Mzizima ghalani tayari anaipita.

Binti_Houston
Sawa kaka, lakini kuanza na deni la $18,000 na kuanza bila deni si maisha mamoja. Mwenzangu wa koleji kwa mshahara ule ule alihamia kwenye eksirei mwaka uliofuata. Mimi nilikwama.

Shangazi_Lowell
Wanangu, mmehesabu saa za baba tu. Uzi mzima huu nani atawachukua watoto shuleni siku Mzizima yuko fildini, au atachmenti, vyovyote mnavyoiita? Mimi naendesha deikea, kituo cha kulea watoto, hapa Lowell, nimewaona. Mume anaingia masomoni, mke anaongeza shifti kufidia, watoto wanakaa kwangu saa kumi na moja kwa siku, na ile pesa anayofidia mke nusu yake inakuja kwangu. Wawili niliowalea wazazi wao waliachana kabla ya mahafali. Wengine watatu wamenunua nyumba. Mwalimu, mkeo anasemaje? Hujamtaja isipokuwa kwenye mapato.

Mzizima_DFW
Shikamoo shangazi. Umenishika pabaya. Jana nilimsomea uzi huu wote mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini ni mimi ninayesoma na si yeye. Ana miaka 34, amekuwa CNA miaka saba, wodi ya mapafu. Hana shahada, na Pell hajaigusa kabisa. Wagonjwa anawajua kuliko mimi. Sikuwa na jibu.

NyarKisumu_MN
Huyo mama ndiye wa kupelekwa shule! Na hospitali yake inaweza kumlipia mpaka $5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, ikiwa na mpango huo. Aulize ofisi ya wafanyakazi kesho.

Pumzi_Ohio
Aulize pia atafungwa miaka mingapi. Mimi nilisaini miwili kwa bonasi, nikataka kuondoka mwezi wa ishirini, ikabidi nirudishe sehemu.

Muntu_wa_Bukavu
Mama huyu ahesabu mihula yake 12 vizuri.

Barabara_I80
Lakini nafasi ni ya Mzizima. Viti 24. Mama hajafanya hata anatomia, atangoja miaka miwili kufika pale mumewe alipo leo. Ukiiacha imeenda kwa mtu mwingine.

Shangazi_Lowell
Marahaba Mzizima. Tarehe 15 ni lini?

Mzizima_DFW
Jumanne. Leo nimewapigia koleji. Fildi ya muhula wa kwanza ni Jumatatu na Jumatano, kuingia saa 12:30 asubuhi, hospitali iko dakika 50 kutoka nyumbani. Nimeuliza kama nikiahirisha mwaka watanishikia kiti, wamesema nitume barua na sababu, kamati inakaa Ijumaa. Nimeuliza pia tarehe ya masomo ya awali kwa mke wangu. Anatomia ya jioni imebaki na nafasi nne. Ghalani msimamizi bado hajanijibu kuhusu wikiendi. Kuna mtu aliyewahi kuandika barua ya kuahirisha ikakubaliwa? Naomba anionyeshe aliandikaje.